Siku Nilipokufa Juu ya Tela

Mfuniko wa sufuria kubwa ya maharage shuleni kwetu, hapa Korogwe, ni alama ya barabarani. Usicheke. Nimeuona kwa macho yangu mawili zamu yangu ya jikoni ilipofika: bati nene la pembe tatu, ukingo mwekundu uliobabuka, na katikati kitu cheusi kilicholala upande kama kipande cha boga. Sufuria ni ya duara na mfuniko una pembe tatu, kwa hiyo mvuke unatokea pande tatu na nzi wanaingilia pande hizo hizo. Nikamwuliza mpishi kautoa wapi.

"Ulikuwa unakaa bure tu njiani, mwanangu," akasema. "Hakuna aliyekuwa anausoma."

Mtoto mwenye adabu angenyamaza. Mimi nikamwambia, "Shikamoo mama, lakini yupo mtu mmoja alikuwa anausoma, na huyo mtu ni baba yangu." Akanipa vitunguu nusu gunia nimenye. Basi nikakaa pale namenya, machozi yananitoka kwa sababu ya vitunguu, na rangi ya lile bati ilipopata moto ikaanza kutoa harufu. Nyie hamuijui harufu hiyo. Ni harufu ya trekta lililokaa juani tangu asubuhi: rangi ya moto, dizeli, na vumbi. Nikawa na miaka minane tena, pale pale jikoni, na kisu mkononi.

Wakati huo tulikuwa tumehamia kijiji kipya cha ujamaa, upande wa Kwedizinga. Jina la kijiji silitaji, maana wenyewe bado wapo na wana fimbo. Kabla ya hapo tuliishi Korogwe, kwenye kambi ya shamba la mkonge, ambako baba alikuwa dereva wa trekta. Yeye ni Mnyamwezi. Baba yake alikuja kukata mkonge akasahau kurudi. Mama ni Mzigua. Kijiji kilipopewa trekta na tela lake, wakagundua kwamba hakuna mtu hata mmoja anayejua kuliendesha, ndipo bibi yangu mzaa mama akawaambia, "Mimi nina mkwe. Ni Mnyamwezi, lakini trekta anajua." Hivyo ndivyo tulivyofika pale, tukapewa kiwanja mwisho wa mstari wa nyumba, karibu na bibi, nami nikaanza kuringa. Ni mtoto gani mwingine alikuwa na baba mwenye trekta?

Maringo yangu yalidumu wiki moja hivi.

Baba aliendesha polepole mno. Sisemi polepole ya kawaida. Njia ya kutoka kijijini kwenda Kabuku, kwenye barabara ya lami, inapita juu ya kilima halafu inashuka mteremko mrefu hadi kwenye daraja la mbao. Pale juu ya kilima ndipo palikuwa na bati la pembe tatu lenye kipande cha boga. Malori ya mbao na ya pamba yalilipita mbio hata halitikisiki. Baba alikuwa akilifikia anasimama. Anazima, anashuka, anakwenda nyuma. Anaitikisa ile pini inayoshika tela kwenye trekta. Anavuta mnyororo. Anapiga tairi teke, moja moja. Anatazama kama kitambaa chekundu bado kipo nyuma ya mzigo. Halafu anapanda tena, anatia gia namba moja, anashuka mteremko kwa mwendo wa msiba. Sisi watoto tuliotoka shule tulitembea kando yake, tukampita, tukafika darajani, tukakaa tukamngoja.

"Kinyonga!" wenzangu walimwimbia. "Kinyonga kaja na gari lake!"

Nami niliimba. Ndiyo, niliimba, tena sauti yangu ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote, ili mtu asikumbuke kwamba kinyonga mwenyewe ndiye aliyenizaa.

Sasa, kwa akili yangu ya miaka minane, nilijiuliza: mbona malori yote yanapita na baba peke yake ndiye anayeshuka? Nikapata jibu. Niliamini kwamba Serikali ina ugomvi na baba. Lazima alikosa jambo kule Korogwe, jambo kubwa, na Serikali ikamfuata hadi kijijini, ikasimika lile bati kama barua yake binafsi: wewe Zakaria, kila ukifika hapa, shuka chini utoe heshima. Nilimwonea huruma, halafu hasira zikanipanda. Nikaenda na manati nikalipiga lile bati mawe mpaka mkono ukaniuma. Yale matundu ya rangi kwenye mfuniko wa maharage, kama mfuniko ndio ule ule, ni ya kwangu.

Siku moja nikamwuliza, "Baba, ulikosa nini?"

"Wapi?"

"Kwa Serikali. Mpaka wakakuwekea lile bati."

Baba si mtu wa kucheka. Akafuta mikono kwa kitambaa. "Lile linasema kuna mteremko mkali."

"Mteremko si tunauona?"

"Wewe unauona. Tela halina macho." Akaniita nje. "Nishike shati kwa nyuma. Usiachie. Twende."

Nikamshika shati, tukaanza kushuka kwenye kinjia cha kisimani, mbio kidogo, halafu mbio zaidi, nami nacheka. Ghafla akasimama kama mti. Mimi sikusimama. Nilimgonga kiunoni, nikazunguka ubavuni kwake, shati likapasuka, nikaangukia pua.

"Hilo ndilo tela," akasema, akaniinua. "Trekta lina breki, tela halina. Wewe dereva ukikanyaga, lenyewe bado linakuja. Linakusukuma, linakupitia ubavuni, linakupindua. Kwa hiyo hungoji ufike katikati ya mteremko ndipo ukumbuke breki. Unachagua gia ukiwa juu, ile ile ambayo ungepandia, na huigusi klachi mpaka chini. Na wewe," akanipangusa pua, "una kilo ishirini tu."

Nilielewa? Sikuelewa kitu. Nilichoelewa ni kwamba baba anaogopa kitu kisicho hata na injini.

Mtu huyo huyo mkimya nilimwona mara moja akigeuka kabisa. Alifariki mzee mmoja wa Kizigua, na Wazigua na Wanyamwezi, kama mjuavyo, ni watani tangu enzi za mababu. Watu wamekaa wanalia, baba akaingia msibani amevaa gunia, akajilaza juu ya kitanda cha kubebea maiti. "Mtani wangu huyu alikula kuku wangu," akapiga kelele. "Haendi popote mpaka nilipwe!" Watu waliokuwa wanalia wakaanza kucheka huku kamasi zinawatoka. Wakampa jogoo, ndipo akashuka. Nilikuwa nimesimama nyuma ya bibi, mdomo wazi. Bibi akanong'ona, "Umeona, mke mwenzangu? Mtani hakasirikiwi. Anayekasirika ndiye mjinga." Nililichukua neno lile nikalifungia moyoni, maana mimi ni mtu wa kuchapwa sana, na hapa nimeonyeshwa mlango wa kutokea.

Basi, ikatangazwa kwamba mgeni mkubwa kutoka wilayani atapita Kabuku, na vijiji vyote vikampokee. Mwenyekiti wetu, Mzee Mhina, alikuwa mtu mzuri ila alipenda kushinda. Alisikia kijiji jirani kitaleta watu themanini. Akaapa sisi tutaleta mia, na ngoma, na ngonjera, na magunia ya mahindi ya shamba la kijiji, vyote vikifika pamoja juu ya tela letu, tunaimba, mgeni aone.

Asubuhi hiyo nilivaa gauni langu jeupe la sikukuu. Nilikuwa wa kwanza kupanda. Nilikwea juu ya magunia, mahali pa juu kabisa, nikakaa kama malkia wa nyuki. Wanawake wakapanda na khanga zao, wapiga ngoma wakapanda na ngoma, bibi akasukumwa kwa nyuma na watu wawili akapanda. Vijana wakaning'inia pembeni. Tela likalia kwa chini, likatulia.

Baba akatoka nyuma ya trekta. Alizunguka tela lote mara moja, taratibu, kama mtu anayetafuta shilingi iliyoanguka. Akainama kwenye pini. Pini yenyewe haikuwa pini; ile ya kweli ilipotea shambani, mahali pake pakawekwa kipande cha nondo kilichokunjwa kwa nyundo. Akasimama.

"Mwenyekiti," akasema, "magunia napeleka. Watu watembee."

"Ndugu Zakaria," alisema Mzee Mhina kwa upole wa mbele za watu, "watu wameshapanda."

"Nimewaona. Tela hili ni la mahindi. Nondo hii inashika mahindi. Watu siwashushi nayo mteremko ule."

"Kwani pale Kwedizinga wanabebaje? Na nyie kule kwenye mkonge, hamkubeba watu?"

"Tulibeba," baba akasema. "Ndiyo maana najua."

Alilisema hilo kwa sauti ya chini sana. Mimi juu ya magunia nilidhani anajisifu: anajua kubeba watu, ila anakataa kwa ukaidi tu, kuniaibisha. Hakutuambia alichokiona kule Korogwe, siku ile wala nyingine yoyote. Leo nikilisikia lile "najua" masikioni, nashangaa watu wazima wote wale hawakumwuliza swali hata moja. Mimi nilikuwa na udhuru wa miaka minane. Wao walikuwa na upi?

"Huku ni kupinga maendeleo," mmoja wa vijana akapayuka. "Kinyonga!" mwingine akadakia, na tela zima likacheka.

Mzee Mhina akanyoosha mkono. "Lete ufunguo. Sefu ataendesha."

Sefu alikuwa kijana aliyekuwa akimsaidia baba kutia dizeli. Alijua kuwasha, kwenda mbele, na kupiga honi, hasa honi. Aliruka akaja mbio.

Baba alimtazama mwenyekiti, akautoa ufunguo mfukoni akautazama. Mnajua maana yake. Ufunguo ule ndio uliotuleta pale. Ndio uliokuwa unamfanya yeye kuwa Dereva badala ya kuwa mgeni aliyeoa. Akauweka kwenye kiganja cha Mzee Mhina. Niliona mkono wake unatetemeka, nikasema moyoni: kumbe kweli, mwoga. Halafu akainua uso, akanitazama mimi, na nikaona kwamba mkono ule haukuwa unamtetemekea mwenyekiti.

"Nyamizi," akasema. "Shuka."

"Sishuki."

Watu wakapiga vigelegele. Mtoto kamkatalia baba yake hadharani! Angeweza kunivuta mguu, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini alisimama tu, kofia mkononi, na wengine mia kasoro wakiwa bado juu. Nadhani alikuwa anatuhesabu.

Kisha akaitupa ile kofia chini. Akajishika kichwa kwa mikono miwili, akapiga yowe la msiba, lile refu, ambalo likisikika watu hutupa majembe.

"Jamani watani wangu wamekufa! Wazigua wangu wote wameisha! Mia moja siku moja! Nitamtania nani mimi? Nani atanilipa kuku wote hawa?"

Kicheko kikalipuka. Sefu aliyekuwa anawasha akaacha kuwasha. Baba akakimbia huku na huku akiwapima watu kwa fimbo. "Huyu mrefu, kaburi lake litanitoa jasho. Huyu mnene tutamzika wima. Mwenyekiti kwanza! Mwenyekiti alale hapa mbele, ni mkubwa wa marehemu!"

Mzee Mhina alifura. Akafungua mdomo, nikamwona anakumbuka. Mtani hakasirikiwi. Akaufunga mdomo, akalazimisha meno yake yaonekane.

Hapo ndipo kitu kilipoingia kichwani mwangu. Sitaki kujisifia kwamba nilijua ninachofanya. Nusu yake ilikuwa utundu mtupu. Lakini mimi ni binti wa Mnyamwezi, na kwa hiyo ni mtani wao pia, halali kabisa. Nikasimama juu ya magunia na gauni langu jeupe, nikageuza macho juu, nikasema, "Mimi nimeshakufa," nikaanguka chali.

"Yalaa!" bibi yangu akapokea papo hapo. Mungu ambariki yule bibi. "Mke mwenzangu huyo! Maiti ya kwanza! Maiti haipandi tela na ngoma, nyie wanawake mna akili? Nishusheni! Ibebeni hiyo maiti!"

Nilibaki nimekufa. Nilisikia khanga zinachakacha, wanawake wanashuka wakicheka, mmoja, watatu, kumi. Mikono ikanipokea. Nikashushwa chini nimenyooka kama ubao, wakaniweka begani, wakaanza kuimba, na wimbo wao ulikuwa wa kumsuta Mnyamwezi, kwamba maiti yake nzito kwa sababu alikula viazi. Na baba mbele yao anadai kuku. Wapiga ngoma nao wakaona ngoma inachezwa chini, wakashuka. Walipokuja kutahamaki, msiba umeshaanza safari kwa miguu, na watu wote wa maana wako msibani.

Juu ya tela yalibaki magunia na vijana wachache wa kuning'inia, na mwenyekiti naye akapanda.

"Shukeni na nyie," baba akawaambia vijana, sasa bila utani.

"Toka hapa, Kinyonga," wakasema. Sefu akapiga honi.

Wakatupita juu ya kilima. Nilifufuka kuangalia. Sefu hakusimama. Aliingia mteremko kwa kasi yote, tela linaruka, magunia yanaruka, vijana wanapiga mbinja, na baba akasimama pembeni mwa njia ameishika mikono yake mwenyewe. Sote tulisimama. Ndani ya moyo wangu, nakiri, kulikuwa na sehemu ndogo iliyotaka lianguke.

Halikuanguka. Likafika darajani, likavuka, likaenda zake.

Najua mlikuwa mnangoja lianguke. Nami nimesoma vitabu vya namna hiyo, mkaidi anapata pigo na mwenye busara anaombwa radhi ukurasa wa mwisho. Poleni. Tulifika Kabuku tumechelewa, miguu ina vumbi jekundu hadi magotini, na mgeni alishapita. Ngonjera haikusomwa. Kijiji jirani kilishinda. Jioni ile Mzee Mhina alimwambia baba, huku anacheka kwa meno yale yale, "Mtani, umeniweza. Lakini ufunguo haurudi." Na haukurudi. Baba akachukua jembe kama watu wengine, na kwa kuwa hakuwa mkulima, matuta yake yalipinda akachekwa upya. Nyumbani tulikula kile ambacho matuta yaliyopinda hutoa. Mama hakumlaumu. Mimi sikuimba tena wimbo wa kinyonga, na aliyeuimba mbele yangu nilipigana naye; jino hili la mbele lililovunjika ndilo ushahidi.

Na sikupanda lile tela tena. Shule ilipokwenda michezoni, darasa zima juu, mimi kwa miguu. Mwalimu alinichapa viboko vitatu kwa kuchelewa. Safari iliyofuata nikachelewa tena, akanichapa vinne. Akauliza, "Wewe mtoto una kichwa gani?" Nikamwambia, "Cha baba, mwalimu," akaongeza cha tano.

Siku niliyoondoka kuja hapa sekondari, Sefu alisimamisha trekta mbele ya nyumba yetu. Alikuwa sasa na masharubu. Baba alikuwa amesimama na sanduku langu la bati.

"Panda, msomi," Sefu akasema. "Nakufikisha Kabuku bure, upate basi la mapema."

"Ahsante, kaka. Natembea."

"Bado tu?" Akamgeukia baba, akanirudia mimi, na vijana waliokuwa juu ya tela wakainama kusikiliza. "Miaka yote hii nimebeba watu na tela hili. Harusi, misiba, mikutano. Limeanguka lini? Nitajie siku moja. Halijaanguka hata mara moja!"

"Na wewe hujafa hata mara moja, Sefu," nikamwambia. "Ndiyo kusema hufi?"

Nikasikia sauti ambayo sikuitambua, nzito, kama mlango ambao haujafunguliwa muda mrefu. Ilikuwa ya baba. Alicheka mpaka akaliweka sanduku chini, akashika ukuta. Sefu akatia gia akaondoka bila kupiga honi.

Tulipomaliza kufuta macho, baba akanitwisha sanduku, akalisawazisha kichwani, akalitikisa kidogo kuona kama limekaa, tukashika njia.